Kwani Nakwenda Kusimama?

Mtaa mzima ulimwita Springi, na yeye aliitikia. Jina lake la kwenye pasi ya kusafiria lilikuwa refu na la heshima, lakini halijawahi kumtengenezea mtu kochi, kwa hiyo hakuna aliyelitumia. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye mlango wa bati, katikati ya duka la rangi na kinyozi. Ukiingia ulipita kwa ubavu, maana fremu za makochi zilisimama uchi pande zote zikisubiri kuvishwa. Akiwa kazini alijaza misumari midogo mdomoni na kuitoa mmoja mmoja kwa ulimi, na ndiyo sababu wateja waliamini kwamba Springi ni mtu asiyependa maneno. Si kweli. Misumari ikiisha mdomoni alikuwa msemaji kama mimi na wewe.

Alikuwa na elimu yake moja ambayo hakufundishwa na mtu. Akifumua kochi kuukuu alijua nani katika nyumba ile anakaa na nani anapita tu. Mgeni, alisema, hukalia ukingo. Kitambaa chake huchakaa kwa mbele, pale magoti yanapokunjika, na sponji ya nyuma hubaki nzima. Mwenye nyumba hujitupa mpaka ndani, na mahali pake huchimbika. Aliwahi kumwambia bwana mmoja kwamba mama mkwe wake aliyekuja kusalimia harudi tena kwao, na kweli hakurudi. Bwana yule hakufurahi, ila alilipa.

Mkewe alikuwa amefariki. Binti yao wa pekee aliolewa nchi ya mbali, nchi ya baridi, akafanya kazi ya kufungasha dawa kwenye ghala kubwa, akapata mtoto wa kike ambaye Springi alimjua kwa sura ya kwenye simu tu. Kila Jumapili binti alipiga. Walisalimiana, walitaniana, mtoto alilamba kioo cha simu, basi. Jumapili moja, baada ya kuulizana hali mara mbili kama watu wanaotafuta pa kuanzia, binti akasema, "Baba, njoo ukae na sisi."

"Nikae lini na viti vya watu vimejaa hapa?"

"Vimalize. Nauli nalipa mimi. Kuna viza ya utalii, ya miezi sita. Nenda kwa yule mama wa tiketi, anajua kila kitu."

Springi alijifanya anafikiria, lakini ukweli ni kwamba siku iliyofuata alianza kukataa kazi. Kila mteja aliyeleta kochi aliambiwa, "Peleka kwa mwingine, mimi nasafiri," na lile neno nasafiri alilivuta kidogo ili likae vizuri masikioni mwa kinyozi jirani.

Yule mama wa tiketi, Mama Tiketi kwa kila mtu, alikuwa na ofisi juu ya ngazi nyembamba, chumba chenye feni inayolia, kalenda za mashirika ya ndege na benchi moja la wateja. Alikuwa amepakia nusu ya mji kwenye ndege na yeye mwenyewe hajapanda hata moja, na hakulificha jambo hilo. "Mwenye bucha si lazima awe ng'ombe," alisema ukimuuliza. Alimkalisha Springi mbele yake, akavua miwani, akamweleza kama anayemweleza mtoto anayependwa.

"Sikiliza, fundi. Viza ya utalii ni ruhusa ya kwenda iliyofungwa pamoja na ahadi ya kurudi. Hawa watu hawajali sana utakwendaje. Wanataka kujua utarudije. Kwa hiyo sikukatii tiketi sasa. Nakushikia nafasi tu, ya kwenda na ya kurudi, nachapisha, unawapelekea pamoja na barua ya mwaliko, bima ya safari na karatasi za benki za binti yako. Viza ikitoka ndiyo tunalipa. Ukilipa kabla na wao wakakataa, hela yako itasafiri bila wewe."

"Na ile ndege ya bei rahisi niliyosikia?"

"Ile inashuka katikati, kwenye nchi inayotaka viza hata kwa mtu anayebadilisha ndege tu. Utaomba viza mbili badala ya moja. Iache."

Akampigia binti simu pale pale, akaweka sauti kubwa, akamuuliza tarehe ya kurudi. Binti akasema, "Weka yoyote tu, mama. Itabadilishwa." Mama Tiketi akaandika tarehe ya mwisho wa ile miezi sita, akapiga mashine yake, karatasi ikatoka ikiwa na moto bado. Springi aliipokea kwa mikono miwili. Lile neno yoyote la binti lilimkwama mahali fulani kifuani.

Siku ya mahojiano alivaa koti la harusi ya binti yake. Ukumbi wa viza ulikuwa na viti vya chuma vilivyofungwa sakafuni, na Springi aliviangalia kwa huruma, maana yeyote aliyevitengeneza hakutaka mtu akae. Alipoitwa dirishani alimkuta nyuma ya kioo mama mmoja wa nchi ile, mwenye nywele fupi za mvi, na pembeni yake mkalimani, kijana wa hapa hapa mwenye tai. Waliulizana mambo mepesi kwanza. Kisha lile lililomleta.

"Mzee, unakwenda kufanya nini huko?"

"Nakwenda kukaa na mwanangu," akasema Springi, na kwa furaha akatabasamu.

Kijana aligeuka akalitia katika lugha ya yule mama. Lilitoka fupi mno. Kalamu ya mama yule ikasimama.

"Kwa muda gani?"

"Nimeambiwa miezi sita," akasema Springi. Kisha, kwa kuwa alimwona yule mama ana umri wa kuwa na wajukuu, akaona amfungulie moyo. "Lakini kwa mtoto wako, mama, mtu huhesabu miezi?"

Hilo nalo likatafsiriwa. Mama yule alitikisa kichwa polepole, na Springi akadhani wameelewana.

Pasi ilirudi haina kitu. Ilikuwa na karatasi moja tu ndani yake, inayosema kwamba wahusika hawakuridhika kuwa mwombaji ana nia ya kuondoka muda wake utakapokwisha. Springi aliipandisha zile ngazi nyembamba, akaiweka mbele ya Mama Tiketi, akakaa kwenye benchi akiwa ameshika tama. Mama Tiketi aliisoma, kisha akamwambia amrudishie mazungumzo yote, neno kwa neno, asiruke kitu. Alipofika kwenye neno lenyewe mama alifunga macho.

"Kukaa, fundi? Ulimwambia kukaa?"

"Sasa nilitaka niseme nini? Kwani nakwenda kusimama?"

Mama Tiketi alijaribu kujizuia akashindwa. Alicheka mpaka akashika meza, na Springi, ambaye alikuwa amepanda ngazi zile akitaka kulia, akajikuta naye anacheka. Walipotulia mama alifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Wamesikia kuishi. Umewaambia unahamia. Hapo unasema nakwenda kutembea."

"Nikatembee wapi na magoti haya?"

"Kutembea, fundi. Kusalimia. Kumwona mtoto, kumbeba mjukuu, kuaga, kurudi."

"Basi ni kosa la yule kijana."

"Inawezekana," akasema Mama Tiketi, na akawa hacheki tena. "Au alisikia vizuri."

Jambo hilo alirudi nalo karakanani. Alikuwa hana kazi, wateja wote alishawafukuza, kwa hiyo alikaa kwenye fremu ya kochi isiyo na kitambaa, mbao zikimchoma, akafikiri. Maisha yake yote alikuwa akiwatengenezea watu pa kukaa, na hakuwahi kujiuliza kwamba hilo neno lina vyumba vingi ndani yake. Mtu anakaa kwenye kiti, anakaa kidogo akaondoka, anakaa mtaa fulani miaka na miaka mpaka akafa, na mdomo ni ule ule, haubadiliki hata kidogo. Yeye dirishani alimaanisha lipi? Alijichunguza kwa uaminifu na hakupata jibu. Hakuwahi kujiuliza, kwa sababu aliyelitamka mwanzo hakuwa yeye. Ni binti ndiye aliyesema njoo ukae. Na ni binti huyo huyo aliyesema weka tarehe yoyote.

Jumapili simu ikalia. Binti aliegemeza simu yake juu ya kitu, akakaa chini na mtoto mapajani, akaanza kulalamikia watu wa viza. Springi hakusikia hata nusu yake. Nyuma ya binti palikuwa na kochi la kijivu la watu wawili, na kwa mara ya kwanza simu ilisimama mahali ambapo liliweza kuonekana lote. Upande mmoja ulikuwa umezama, kitambaa kimelegea, mtu amejitupa pale siku nyingi. Upande wa pili ulikuwa umevimba kama ulivyotoka dukani. Si ukingo, si nyuma, hakuna palipoguswa.

"Wakwe zako wote wazima?" akauliza, akitafuta njia. "Na mumeo?"

"Yuko kazini."

"Jumapili?"

"Zamu, baba."

"Mwanangu, mumeo huwa anakaa upande gani wa hilo kochi?"

Binti aligeuka kulitazama, na alipogeuka hivyo akawa amejibu. Alibaki amempa baba kisogo. Mtoto alichukua nafasi hiyo kuivuta simu, dunia ikapinduka, dari ikaonekana, na sauti ya binti ikatoka mahali ambapo uso haukuwepo.

"Aliondoka, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu mtoto anaanza kutambaa."

Springi alihesabu bila kutaka. Mtoto alikuwa anatembea sasa, anakimbia. Zile Jumapili zote, zile salamu zote za mume zilizoletwa na kupokewa, yeye akazirudisha kwa furaha kama mjinga. Hakumkasirikia. Uchungu aliousikia ulikuwa wa kuwaza jinsi mwanawe alivyokuwa akijikaza kila wiki ili baba asijue, akikalia upande wake mmoja wa kochi.

"Kwa hiyo uliposema nije nikae," akasema taratibu.

"Nilimaanisha kukaa, baba. Kukaa kabisa." Uso ukarudi kwenye kioo, umelowa. "Wewe hapo una nani? Mimi hapa nina nani? Omba tena hiyo viza uje, ikiisha tunanyamaza. Watu wanafanya hivyo. Kuna jirani yangu mama yake yuko huku mwaka wa nne, hakuna aliyekuja kumuuliza. Nani atahangaika na mzee mmoja?"

Springi alisema atafikiri. Alikata simu, na kwa siku kadhaa hakufikiri kingine. Tusimsingizie ushujaa: alitaka kwenda. Alitaka kumbeba yule mtoto mpaka mikono imuume. Alitaka kuujaza ule upande wa pili wa kochi, auzamishe, auchakaze, ili mtu yeyote akiutazama ajue binti huyu ana mtu. Lakini kila alipojiona amekaa pale alijiona amekaa ukingoni. Mlango ukigongwa, anainuka. Akiumwa, anameza mate na kunyamaza. Mzee wa watu, amekwenda kwa mwanawe, anaishi kama mwizi aliyejificha chini ya kitanda.

Alimwaga yote mbele ya Mama Tiketi, ambaye alisikiliza bila kugusa mashine yake.

"Sitakudanganya, wengi wanafanya," mama akasema. "Nimewakatia wengi tiketi za kurudi ambazo najua hazitapandiwa. Lakini akishapitisha muda, mtu yule amefungwa, fundi. Akitoka haingii tena. Mteja wangu mmoja alifiwa na mama yake hapa, akazika kwa simu. Mimi ndiye niliyemshikia simu kaburini."

Springi aliitazama kalenda ya ukutani.

"Naomba tena," Springi akasema. "Naomba ya kutembea."

"Ukiomba tena watakuuliza zaidi. Watataka sababu ya kukurudisha. Una mke?"

"Si unajua."

"Watoto wengine?"

"Sina."

"Nyumba?"

"Ile ya marehemu mke wangu, ng'ambo ya barabara ya karakana, vyumba viwili, bati limetoboka."

"Karakana?"

"Nimepanga. Na wateja nimewafukuza."

"Fundi," akasema Mama Tiketi, akivaa miwani yake, "kwa majibu hayo hata mimi nakunyima viza."

Hata hivyo alimpangia upya. Alishikilia nafasi nyingine ya kwenda na kurudi, safari hii miezi mitatu, siyo sita, na tarehe ya kurudi akaichagua Springi mwenyewe kwa kidole kwenye kalenda ya ukutani. Mama alitaka kumfundisha majibu. Kuna maneno, alisema, watu wanayakariri: nina shamba, nina biashara, nina wazee wa kuwatunza. Springi alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, na akashuka ngazi bila kukariri hata moja.

Koti lile lile, viti vile vile vya chuma. Dirishani alikuwa mama yule yule wa mvi na kijana yule yule wa tai. Kabla hajaulizwa chochote, Springi aliomba ruhusa amuulize kijana jambo moja.

"Mwanangu, siku ile nilisema kukaa. Wewe ulilifanya nini?"

Kijana alimtazama bosi wake, akamtazama mzee. "Nilisema kuishi, mzee," akajibu kwa sauti ya chini, kama anayesubiri kugombezwa.

"Hukukosea. Mimi ndiye nilikuwa sijui. Leo nakwenda kutembea. Mwambie hivyo."

Kijana akamwambia. Mama wa mvi alifunua karatasi, akakuta ile ya kwanza chini yake, akazilinganisha. Aliuliza swali lake bila ukali, na kijana akalileta kwa Kiswahili kisafi.

"Anasema, mke hayupo, mtoto mmoja yuko kule, mjukuu yuko kule. Anauliza, hapa anakusubiri nani?"

Springi alijua swali linakuja, alilala nalo na kuamka nalo, na bado lilimkuta mikono mitupu. Nyuma yake mtu alikohoa. Akaona hana sababu ya kutafuta jibu zuri.

"Hapa hakuna anayenisubiri," akasema. "Ninayesubiri ni mimi. Mwanangu yuko peke yake huko, mumewe ameondoka. Anataka niende nikae naye, na mimi nikipenda moyo wangu ningekaa. Lakini nikikaa huko, hapa panakuwa hapana mtu. Siku akichoka, siku akisema basi nirudi nyumbani, atarudi kwa nani? Nyumbani si bati na kuta. Lazima mmoja wetu akae, ili mwingine awe na pa kurudi. Nitakwenda kumwona, kisha nitarudi nikae."

Kijana alikawia kuanza. Alitafsiri polepole, akasimama katikati, akarudi nyuma akarekebisha neno. Mama yule alimwomba arudie sehemu ya mwisho, naye akairudia. Kisha akapiga kidogo kwenye mashine yake, akasema asante kwa Kiswahili kibovu, wakamwita mwingine.

Wiki ilipokaribia kwisha pasi ilirudi ikiwa na viza ndani, imebandikwa, ina picha yake akiwa amekunja uso. Springi aliipeleka moja kwa moja kwa Mama Tiketi, na sasa tiketi ikakatwa kweli. Mama alimwambia kuna ya bei ya juu ambayo tarehe yake inabadilishwa, na kuna ya bei ya chini ambayo haiguswi. Akachagua isiyoguswa. Jioni hiyo, siku isiyo Jumapili, binti akapiga.

"Baba, Mama Tiketi ananiambia umekata tiketi isiyobadilika."

"Ndiyo."

"Miezi mitatu tu, halafu unaniacha?"

"Ndiyo, mwanangu."

Sauti yake ilikuwa na hasira. Springi hakujitetea. Alimsimulia tu aliyosema dirishani, kama yalivyotoka, bila kuongeza chumvi, mpaka lile la mmoja wetu akae. Upande wa pili hapakusikika hata mtoto.

"Baba."

"Naam."

"Chumba changu kimekaaje siku hizi?"

Springi alikohoa kidogo kwa aibu. "Kimejaa sponji. Nilikosa pa kuziweka."

"Zitoe."

Alizitoa jioni ile ile, mzigo baada ya mzigo, akavuka nazo barabara kichwani huku kinyozi akimuuliza kulikoni. Akazirundika karakanani mpaka mlango wa bati ukakataa kufunga.